Jinsi ya kuketi kwenye kafenio: mwongozo kamili wa kijiwe cha kahawa katika kijiji cha kisiwa cha Ugiriki

Kosa langu la kwanza Naxos lilikuwa kutaka kulipa. Nilikuwa nimemaliza kahawa kwa dakika nne, kama mtu aliyesimama kwa muuza kahawa wa stendi, nikainua mkono kumwita mwenye duka. Akaniangalia, akakiangalia kikombe, akarudi kwa wenzake kuendelea na mazungumzo. Baada ya robo saa akaja na glasi nyingine ya maji. Nilidhani hakunielewa. Kumbe alinielewa vizuri sana: aliona mgeni ameketi vibaya, akampa nafasi ya kuketi upya.

Kafenio, ambayo wenyewe huiandika kafeneio, na zikiwa nyingi huziita kafenia, ni kijiwe cha kahawa cha kijiji. Mtu aliyewahi kukaa benchi la wazee Ngamiani, Kariakoo au Mji Mkongwe ataielewa upesi: kahawa chungu, vikombe vidogo, mchezo wa kete, siasa, na wazee wanaomjua kila apitaye. Hata neno ni moja. Kahawa yetu na kafes yao zote zimetoka kwenye qahwa ya Kiarabu, ila yao ilipitia kwa Waturuki kwanza. Tofauti iko kwenye taratibu, na hizo hakuna atakayekuandikia ukutani. Naeleza nilivyoziona Naxos, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades. Mengi yatakufaa hata Lesvos, Ikaria au Krete.

Hatua ya 1: Chagua majira, kisha kijiji

Julai na Agosti visiwa hufurika watalii, na upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma siku nyingi mfululizo. Ukitaka kuona kijiji chenyewe, nenda Aprili, Mei au Oktoba. Kama baridi huiogopi, nenda Januari: migahawa ya ufukweni itakuwa imefungwa, na kafenio itakuwa wazi kama kawaida, jiko la kuni likiwaka katikati ya chumba.

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo atahitaji viza ya Schengen, ambayo ikiwa ya muda mfupi hukupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ukifika Athens, panda treni ya mjini hadi bandari ya Piraeus, halafu meli. Meli ya kawaida hufika Naxos kwa saa tano hadi sita. Usipange ndege ya kurudi kwa kuibana na siku ya meli. Upepo ukifika 8 kwa kipimo cha Beaufort, meli nyingi huzuiwa bandarini, nawe utabaki kisiwani upende usipende. Mimi nilizuiwa siku mbili, na hizo ndizo siku nilizojifunza mengi.

Kutoka Chora, yaani mji mkuu wa kisiwa, mabasi ya KTEL hupanda milimani. Shuka Halki, kijiji chenye nyumba za kale na kiwanda kidogo cha kitron cha Vallindras kilichoanza mwaka 1896. Kitron ni pombe tamu itokanayo na majani ya mti wa sitroni, jamii ya ndimu. Ya kijani ina sukari nyingi na kilevi kidogo, ya njano kinyume chake, na isiyo na rangi iko katikati. Mbele kidogo iko Filoti, chini ya mlima Zas wenye urefu wa mita 1,004, na uwanja wake una mti mkubwa wa platano unaofunika meza kwa kivuli. Ukiendelea utafika Apeiranthos, ambako vichochoro vimetandikwa marumaru na wazee wengi wana ukoo na watu waliochimba smiri, lile jiwe gumu la kusugulia chuma. Ningekuwa na siku moja tu, ningeshuka Filoti. Apeiranthos inapendeza zaidi, lakini kamera nazo ni nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Itambue kafenio ya kweli

Mkahawa wenye menyu ya lugha tano na picha za vyakula si kafenio, hata kama umeandikwa hivyo mlangoni. Tafuta viti vya mbao vyenye makalio ya kusuka, meza ndogo, televisheni inayosema peke yake, kalenda ya mwaka huu ukutani na pengine za miaka iliyopita nyuma yake. Angalia kama kuna rafu ya sabuni, makopo ya maziwa na betri, kwa sababu vijiji vingi kafenio na duka vilikuwa kitu kimoja, na barua za kijiji ziliachwa hapo hapo. Alama ya uhakika kuliko zote: wateja wamegeukia barabara, si bahari.

Ukikuta mbili zinatazamana uwanjani, usishangae. Miaka ya 1980 vijiji vingi vilikuwa na kafenio ya buluu ya wafuasi wa chama cha Nea Dimokratia na ya kijani ya wafuasi wa chama cha PASOK, na mtu wa huku hakunywa kule. Leo uhasama umepoa, lakini mazoea hayajafa: mzee huketi alikoketi baba yake.

Hatua ya 3: Fuata saa ya kijiji

Asubuhi kuanzia saa 12 huja wakulima na wavuvi, na hawakai sana. Saa 4 hadi saa 7 mchana ndio muda wa wazee, na ndio muda wako. Jumapili kijiji kizima huteremkia kafenio ibada ikiisha, kasisi akiwamo.

Chakula cha mchana huliwa kama saa 8, kisha kijiji hulala. Si mzaha: sheria inataka utulivu wa mchana, na majira ya joto ni saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu jioni. Usipige hodi kwa mtu saa hizo, usipige simu kwa sauti barabarani, usiwashe muziki. Jioni watu huamka na siku huanza upya, safari hii na wanawake wakiwa wametoa viti vyao vizingitini mwa nyumba. Chakula cha usiku saa 3 au saa 4 ni kawaida.

Hatua ya 4: Ingia na salamu

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wageni wengine hawana. Kigiriki kina irabu tano kama zetu, na zile sauti zinazowatesa wengine sisi tunazo tayari: th ya thelathini, dh ya dhahabu, gh ya ghali, kh ya kheri. Yatamke maneno haya kama unavyoyasoma hapa, na mzee atageuka kukutazama vizuri.

Kabla ya adhuhuri sema *kalimera*. Baada ya usingizi wa mchana sema *kalispera*. Waamkie wote kwa pamoja unapovuka mlango, si mwenye duka peke yake. Kuingia kimya na kwenda moja kwa moja kwenye kiti ni utovu wa adabu kule kama kwetu. *Efkharisto* ni asante. *Parakalo* ni tafadhali, na pia ni jibu la asante. *Yasas* ni salamu ya heshima au ya watu wengi, *yasu* ni ya rafiki. Mwenye duka anaitwa kafetzis, lakini ukimwita tumia *kirie* na jina lake. Mzee wa kisiwa huitwa *barba*, kama tunavyosema mzee fulani, na mama mtu mzima huitwa *kira*. Wao watakuita *pedhi mu*, mwanangu, hata ukiwa na miaka hamsini. Itika tu.

Kuna mtego mmoja. Ndiyo kwa Kigiriki ni *ne*, ambayo masikioni mwa mtu aliyesoma Kiingereza inafanana na hapana. Hapana ni *okhi*, na mara nyingi haitamkwi kabisa: mtu huinua nyusi na kidevu juu kidogo, pengine na kidoko cha ulimi, akawa amemaliza. Nilirudia swali la basi mara tatu kwa mzee ambaye alikuwa amenijibu mara tatu.

Kiti kipi? Usikae meza ya katikati wala iliyo karibu na jiko kabla hujaambiwa, zina wenyewe. Chukua ya pembeni au ya nje. Utaangaliwa, na ukiwa mweusi utaangaliwa zaidi. Kwa muda wote niliokaa, kuangaliwa huko kuliishia kwenye swali moja: *apo pu ise?*, unatoka wapi? Nilipojibu Tanzania, mzee mmoja aliyekuwa baharia akaanza kuzihesabu bandari kwa vidole: Mombasa, Dar es Salaam, Beira. Mwingine alikuwa na mjomba aliyelima mkonge. Wagiriki wa mashamba ya mkonge na kahawa Tanganyika walikuwa wengi, na wapo waliofika Kongo kwa biashara, kwa hiyo usishangae ukiambiwa habari za kwenu.

Kwa dada zangu: kafenio ilikuwa ya wanaume, na katika vijiji vya ndani bado ni yao kwa idadi. Hilo halikuzuii. Mwanamke mgeni huhudumiwa kwa heshima, hasa akiamkia kwanza na kuketi nje chini ya mti, na siku hizi kafenia nyingi zinaendeshwa na wanawake. Nimeona mmoja akiwafokea wanaume ishirini kwa majivu ya sigara, nao wote wakanywea.

Hatua ya 5: Agiza kwa kutaja sukari

Kahawa hupikwa pamoja na sukari, kwa hiyo huwezi kuitia baadaye. Ukikoroga utavuruga mashapo. Lazima useme mapema. *Sketo* ni chungu kabisa. *Metrio* ni ya wastani, kijiko kimoja. *Gliko* ni tamu, vijiko viwili. Ukitaka kikombe kikubwa ongeza *dhiplo*. Sentensi nzima: *ena elliniko metrio, parakalo*. Kijijini bei yake huwa ndogo, mara nyingi haifiki euro 3.

Usiiite kahawa ya Kituruki. Zamani Wagiriki wenyewe waliiita hivyo bila shida. Mwaka 1974 jeshi la Uturuki lilipoingia Kupro, jina likabadilika likawa *elliniko*, ya Kigiriki. Chungu ni kile kile, unga ni ule ule, lakini jina lina majeraha.

Vijana watakuwa wanakunywa kitu cha baridi chenye povu refu na mrija. Hiyo ni frape, iliyozuka kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki mwaka 1957, mfanyakazi wa Nestlé alipokosa maji ya moto akatikisa kahawa ya unga na maji baridi. Siku hizi fredo, espreso ya baridi, imeipiku. Zinywe ukipenda, ila hazitakuunganisha na meza ya wazee.

Asiyekunywa kahawa aagize chai ya mlimani, *tsai tu vunu*. Watoto, na mimi, tunapenda *ipovrikhio*, maana yake nyambizi: donge jeupe zito la sukari yenye vanila au mastiki (utomvu wa mti wenye harufu nzuri) linalozamishwa na kijiko chake kwenye glasi ya maji baridi. Unalilamba kidogo kidogo na kuyanywa maji yanapokolea utamu.

Hatua ya 6: Kunywa, yaani kutokunywa haraka

Kahawa huja na glasi ya maji baridi, pengine na kipande cha lukumi, binamu wa halua. Anza na maji usafishe kinywa. Iache kahawa dakika mbili mashapo yatulie. Kisha fyonza kidogo kutoka ukingoni, povu kwanza. Kikombe hiki kidogo kinatakiwa kikutoshe saa nzima. Kikipoa usijali, kila mtu ananywa yake ikiwa imepoa. Ukifika kwenye tope, simama. Kulimeza si dhambi, lakini utacheka na meno meusi mbele ya watu.

Huenda mama mmoja akakuambia ugeuze kikombe juu ya kisahani ili akusomee bahati kwenye michirizi. Geuza. Mimi niliambiwa nitasafiri. Nilikuwa na begi mguuni.

Mkononi mwa wazee utaona shanga. Zinafanana na tasbihi, lakini komboloi haina dua: ni ya kuchezea, kupitishia muda na kuipa mikono kazi. Usiichukue ya mtu mezani bila ruhusa.

Hatua ya 7: Jua ofa inavyotembea

Hapa ndipo wageni wengi huanguka, na hapa ndipo penye utamu wote. Unaletewa kahawa ya pili hukuagiza, au unataka kulipa unaambiwa *kerasmeno*: imeshalipiwa. Mtu ameshampa mwenye duka ishara ya jicho, na hakuna aliyekuuliza. Ofa hii huitwa kerasma.

Cha kufanya: mtafute aliyekulipia, inua kikombe au glasi kumwelekea, sema *yasas*. Basi. Usitoe pesa, usimlipie yeye papo hapo kana kwamba unafuta deni, hilo linauma. Rudi kesho, na kabla ya kuondoka mnong'oneze mwenye duka kwamba meza ile ni ya kwako leo. Vijijini Krete aliyekwisha kuketi ndiye humlipia aingiaye, hivyo ukitaka kuwahi kutoa, wahi kufika.

Siku ya jina huongeza mambo. Wagiriki wa kizazi cha zamani hawahangaikii sana siku ya kuzaliwa. Mtu husherehekea siku ya mtakatifu mwenye jina lake, na yeye ndiye hutoa ofa. Tarehe 6 Desemba ni akina Nikos, maana Mtakatifu Nikolaos ni mlinzi wa mabaharia na visiwani wamejaa. Tarehe 21 Mei ni akina Konstantinos na Eleni. Tarehe 15 Agosti ni akina Maria, na Filoti hufanya sherehe kubwa ya ngoma na chakula. Mpe mwenye siku mkono, sema *khronia polla*, miaka mingi, kisha pokea unachopewa.

Unachopewa jioni kinaweza kuwa raki au uzo, pamoja na kisahani cha zeituni, jibini na pweza. Asiyetumia kilevi aweke mkono kifuani na kusema *okhi, efkharisto, ena kafe*. Nilimwona msafiri Mwislamu akifanya hivyo. Aliletewa kahawa na lukumi mbili, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Kinachoudhi ni kukataa kila kitu. Chagua cha kukubali. Asiyekula nguruwe aulize mapema, soseji za vijijini karibu zote ni za nguruwe.

Hatua ya 8: Sogelea tavli

Kelele za kete kugongwa mbao ni za tavli, mchezo wa ubao ambao Kiingereza huuita backgammon. Kila mchezaji ana kete 15, dadu ni mbili, na njia ni 24. Huchezwa michezo mitatu kwa zamu hadi mmoja afikishe pointi walizokubaliana, mara nyingi tano au saba. *Portes* ndiyo inayojulikana duniani: kete iliyo peke yake hupigwa na kuanza upya. Kwenye *plakoto* hupigi. Unaikalia kete ya mwenzako, nayo haitoki mpaka uondoke. *Fevga*, maana yake kimbia, kete yako moja tu inatosha kuishika njia mpinzani asikanyage. Dadu zikifanana, unacheza mara nne.

Usiombe kucheza siku ya kwanza. Simama nyuma, tazama, kaa kimya. Anayejua bao anajua kwamba mtazamaji mwenye mdomo huchukiwa kuliko mpinzani. Siku ya tatu utasogezewa kiti. Utapigwa vibaya na mtu wa miaka themanini anayeangalia televisheni huku akicheza. Anayeshindwa ndiye hulipia kahawa.

Yatakayokuharibia

Usimwoneshe mtu kiganja kilichotanuka vidole vitano. Hiyo ni *mudza*, tusi zito. Nilitaka kuagiza kahawa tano kwa mkono, nikashushwa mkono na jirani yangu kabla haujafika juu. Ukihesabu tano, geuza kiganja kikutazame mwenyewe.

Picha: omba kwanza, na wakati mzuri ni baada ya kahawa ya pili. Siasa za Kupro na Makedonia sikiliza tu. Ukikuta watu wa nguo nyeusi wanakunywa kahawa chungu na brandi pamoja na biskuti kavu, wametoka mazikoni; toa pole fupi, *silipitiria*, na ukae mbali.

Hatua ya 9: Lipa na uondoke

Mashine za kadi zipo, lakini beba sarafu. Usiite kwa kupunga mkono. Nenda ndani, simama kwenye kaunta, uliza *ti khrostao?*, nadaiwa nini? Ziada ndogo iache kwenye kisahani. Ukitoka aga wote, kama ulivyoamkia wote. Basi la mwisho la milimani huondoka mapema kuliko unavyodhani, hivyo uliza saa zake asubuhi, na umuulize kafetzis, kwa kuwa dereva naye hunywa kahawa hapo.

Ukirudi nyumbani: namna ya kuipika

Unahitaji *briki*, kisufuria kidogo chenye mpini mrefu na mdomo mwembamba kuliko tako. Kahawa iwe imekaangwa kidogo na kusagwa laini kama poda. Ile yetu ya dele ni nene mno, ipeleke tena kinuni au mashineni.

Pima maji baridi kwa kikombe kile kile cha kunywea, kama mililita 65. Tia kijiko cha chai kilichojaa cha kahawa na sukari unayotaka, vyote kabla ya moto. Koroga kwenye moto mdogo mpaka viyeyuke, kisha toa kijiko na usikirudishe tena. Kafenia za zamani hupikia kwenye majivu au mchanga wa moto, *hovoli*. Nyumbani jiko la mkaa lililokaribia kuzimika linafaa kuliko gesi. Usiondoke. Povu, *kaimaki*, litaanza kujikusanya pembeni na kupanda kuelekea katikati. Linapofika ukingoni ondoa upesi, kabla halijachemka, kwa sababu likichemka linapasuka na halirudi.

Ukipika vikombe viwili, gawa povu kwanza kidogo kila kikombe, ndipo umimine kilichobaki taratibu. Mgeni hapewi kikombe kisicho na povu. Kimoja kikitoka kipara, hicho ni chako.